Hakimu Ndiye Anayelewa Kwanza

  



Katika darsa zetu za jioni kuna swali moja lisilochoka kurudi. Mara huandikwa kwenye karatasi isiyo na jina, mara hunong'onwa mlangoni mwa msikiti watu wakitafuta viatu vyao. Swali lenyewe ni hili: "Kilichoharamishwa ni ulevi. Mimi nikinywa chupa moja na wenzangu silewi. Naongea vizuri, narudi hosteli kwa miguu yangu. Sasa kosa liko wapi?" Anayeuliza hivi si mtu wa kukejeliwa. Huenda ametoka nyumba ambayo chupa haijawahi kuwekwa mezani, akaja Kampala kusoma, akajikuta kwenye hosteli ya Kikoni au Wandegeya ambako Ijumaa ileile aliyoswali swala ya jamaa, ikifika magharibi muziki umeshapanda na kila mkono umeshika kitu. Anastahiki jibu.

Jibu la sheria ni fupi na wengi wetu tunalijua. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, basi hata kidogo chake ni haramu, hadithi hiyo wameipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Wala isidhaniwe kwamba hukumu hii ni ya mvinyo wa zabibu pekee. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipotumwa Yemen aliuliza kuhusu vinywaji vya kule, kimoja cha asali na kingine cha nafaka, akajibiwa kwamba kila kinacholevya ni haramu. Kwa hiyo malwa ya ulezi, tonto ya ndizi, waragi, bia ya kiwandani na ile inayotoka ng'ambo ndani ya chupa ya kupendeza, zote zimeshajibiwa tangu siku ile. Sayyidna Umar (r.a.) naye akiwa juu ya mimbari alieleza kwamba khamri ni kile kinachofunika akili. Neno lenyewe kwa Kiarabu lina mzizi mmoja na khimar, ule mtandio wa kichwa. Ni kifuniko.

Leo nataka tukitazame kifuniko hicho kinavyoshuka. Wenzetu wa tiba na famasia wanayasoma haya darasani, lakini sisi wengine tunayasikia nusunusu. Na mtu akiyaelewa vizuri, lile swali la mlangoni litapata jibu lake ndani ya mwili wa muulizaji mwenyewe.

Pombe haihitaji kumeng'enywa kama chakula. Sehemu ndogo yake hupenya kwenye damu tangu tumboni, na iliyo nyingi hupenya kwenye utumbo mwembamba. Kutoka hapo damu huizungusha mwili mzima, na ubongo ukiwa miongoni mwa viungo vinavyopata damu nyingi, huipokea katika dakika chache. Madaktari hupima kwa kuangalia ni miligramu ngapi za pombe zimo katika kila mililita 100 za damu. Sheria ya barabara hapa Uganda inataja miligramu 80, na kile kifaa ambacho polisi humtaka dereva akipulizie usiku, kile ambacho watu wamekibandika jina la Kawunyemu, hukisia kiwango hicho kwa kupima pumzi, kwa kuwa pombe iliyo kwenye damu huvukia mapafuni.

Sasa tufanye hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye pombe asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Kijana wa kiume wa kilo 70 akiinywa upesi, tumbo likiwa tupu, kiwango chake kinaweza kufika kama miligramu 40. Dada wa kilo 55 akinywa chupa ileile anaweza kufika 65, kwa sababu mwili wake una maji machache zaidi ya kuizimua. Na chupa ndogo ya waragi ya mililita 200, ile inayoingia mfuko wa nyuma wa suruali, yenye nguvu ya asilimia 40, ina zaidi ya gramu 60. Ni zaidi ya bia tatu ndani ya kitu kidogo cha kuingia mfukoni. Vile vipakti vya plastiki vilivyopigwa marufuku nchini mwaka 2019 havikuwa na ubaya wa ajabu kuliko chupa. Ubaya wake ulikuwa urahisi wa kufichika na kumezwa kwa mkupuo mmoja.

Tuanze na ngazi ya chini kabisa, miligramu 20 hadi 50. Hapa ndipo anaposimama yule ndugu yetu wa chupa moja, na hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa kuwa ndipo watu wanapopapita mbio. Ukimtazama kwa nje hana tatizo. Hayumbi, hatapiki, maneno yake yamenyooka. Anahisi joto la kupendeza kwa sababu mishipa ya damu ya ngozi imetanuka (na huku ndani mwili unapoteza joto, lakini hilo halihisi). Aibu imepungua. Yule binti aliyekuwa hawezi kumsalimu, sasa anaweza kukaa naye meza moja. Anacheka zaidi. Tayari uwezo wake wa kufanya mambo mawili kwa pamoja, mfano kuendesha pikipiki huku akitazama nani anavuka, umeanza kushuka. Lakini kubwa kuliko yote ni lile lisiloonekana.

Ubongo huenda kwa ishara za aina mbili, nyingine za kuchochea na nyingine za kutuliza. Pombe huziongezea nguvu zile za kutuliza na kuzidhoofisha zile za kuchochea. Ni kitulizo, si kichangamsho. Basi mbona mnywaji huchangamka? Kwa sababu miongoni mwa vinavyotulizwa mapema ni sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupima, kuzuia, kukumbusha matokeo na kusema "ngoja kwanza". Mlinzi wa getini amesinzia, na zile kelele tunazoziita furaha ni za wanaoingia bila kuulizwa.

Sasa rudi kwenye swali. "Nitakunywa moja tu, nikiona nakaribia kulewa nitaacha." Nani atakayeona? Nani atakayeacha? Kiungo kinachotegemewa kutoa hukumu ya kuacha ndicho ambacho chupa ya kwanza imeanza kukilaza. Hakimu analewa kabla ya mshitakiwa. Mtu anayejiwekea mpaka katikati ya ulevi amempa ulinzi wa mpaka huo askari ambaye ameshamnywesha. Ndiyo maana kila anayefika chupa ya nne aliwahi kusema, kwa dhati kabisa, kwamba angeishia ya pili. Hakuwa mwongo. Aliyesema vile na anayeagiza ya nne, ingawa wana jina moja, akili zao si sawa.

Imamu Nasai amepokea kutoka kwa Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) kisa cha mcha Mungu mmoja wa umma zilizopita. Mwanamke alimwita kwa hila, akafungiwa milango, akapewa achague moja: azini, amuue kijana aliyekuwepo pale, au anywe pombe. Akapiga hesabu kama anavyopiga hesabu mwanafunzi yeyote mwenye akili. Kuua ni kukubwa mno, zinaa ni kubwa, kunywa ndiko kwepesi. Akanywa, akaongezwa, na hakutoka mle hadi ameyafanya yote matatu. Hesabu ya mtu yule haikuwa na kosa ukiyapima madhambi moja moja. Alichosahau ni kwamba yale mawili yalikuwa yamezuiwa na kitu kimoja tu, nacho ndicho alichokinywea.

Kuanzia miligramu 80 kwenda juu mambo yanaonekana kwa macho, na sina haja ya kuwasimulia sana, mnayaona njiani. Ubongo wa nyuma, unaosimamia mizani ya mwili na mwenendo wa mikono na miguu, unaanza kupotea. Maneno yanaburuzika. Macho yanachelewa kufuata kinachotembea, na mguu unachelewa kufika kwenye breki. Figo zinaacha kuzuia maji, kwani homoni inayoziamrisha kufanya hivyo imepunguzwa, ndiyo maana mlevi haishi kwenda haja ndogo na kesho yake kichwa kinampasuka kwa kiu. Ikifika 150 wengi hutapika, na kutapika huko ni rehema ya Mwenyezi Mungu, maana mwili unatoa sumu iliyobaki tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Karibu na 200 hutokea jambo ambalo wanafunzi hulifanyia mzaha na halifai mzaha. Sehemu ya ubongo inayoandika kumbukumbu mpya huacha kuandika. Mtu anatembea, anajibu, anacheza muziki, anakubali au anaonekana kukubali mambo, na asubuhi hana ukurasa hata mmoja. Ndugu zangu wa kiume, nisikieni: dada aliye katika hali hii hana ridhaa ya kutoa, na anayeichukua hali yake kuwa fursa amefanya jinai mbele ya sheria ya nchi na dhuluma mbele ya Allah. Nanyi dada zangu, aliyefanyiwa uovu akiwa katika hali hiyo hakuukaribisha uovu. Kosa la kunywa ni lake na Mola wake; kosa la aliyemdhulumu ni la aliyemdhulumu.

Hapa ndipo inapodhihiri hekima ya kipimo alichotupa Allah kabla hata haramu haijakamilika. Kama mnavyojua, marufuku ya pombe ilishuka kwa hatua. Katika Surat al-Baqara, aya ya 219, watu waliambiwa kwamba ndani yake yamo manufaa fulani lakini dhambi yake ni kubwa zaidi. Kisha katika Surat an-Nisaa, aya ya 43, wakazuiwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa mpaka wayajue wanayoyasema. Na imepokewa kwamba sababu yake ni Sahaba aliyeswalisha baada ya karamu akaichanganya Surat al-Kafirun. Angalia kipimo kilichotumika. Aya haikutaja kuyumba wala kuanguka. Imetaja kuyajua unayoyasema, yaani imeuliza kuhusu hakimu, haikuuliza kuhusu miguu. Mwisho ikashuka ile ya Surat al-Maida, aya ya 90 na 91, ikafunga mlango wote na kutaja sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiwa kumkumbuka Allah na kuswali.

Anas bin Malik (r.a.) alikuwa kijana wa rika lenu siku ile, akiwanywesha watu nyumbani kwa Abu Talha, mlinganiaji alipopita akitangaza. Aliambiwa akamwage, akamwaga, na njia za Madina zikatiririka pombe. Hakuna aliyesema amalizie kwanza kilichomo kwenye kikombe.

Jambo la swala linanirudisha kwenye hesabu, kwa kuwa kuna dhana kwamba usingizi unaosha. Ini ndilo linalofanya kazi karibu yote ya kuiondoa pombe. Huigeuza kwanza kuwa asetaldehidi, sumu kali kuliko pombe yenyewe, kisha huigeuza tena kuwa kitu kisicho na madhara. Kazi hiyo ina mwendo wake, wastani wa miligramu 15 kwa saa, na haikimbizwi. Kahawa nzito haiiharakishi, maji baridi hayaiharakishi, wala kutembea kwenye hewa ya usiku. Kahawa humfanya mlevi awe mlevi aliye macho, basi. Aliyeacha kunywa saa 8 usiku akiwa na 150, adhana ya alfajiri ikimkuta saa 11 na nusu bado ana karibu 100. Saa 3 asubuhi anaingia kwenye mtihani, au anapanda pikipiki yake kwenda mjini, akiwa bado na zaidi ya 40, anaapa kwamba yuko sawa. Damu itakuwa safi kama saa 6 mchana. Kwa hiyo anayekunywa usiku wa kuamkia Jumamosi hajapoteza usiku tu, ameigusa na alfajiri yake.

Tumefika ngazi ya juu, na hapa naomba kila mmoja asome kwa makini, hata yule ambaye hajawahi kuonja tone wala hataonja. Hii ni sehemu yako.

Kiwango kikipita 300, mtu haamki hata akitikiswa. Kikikaribia 400, kile kituo kilicho chini ya ubongo, kinachotuma amri ya kupumua bila wewe kufikiri, nacho huanza kulala. Pumzi huwa chache, kisha hukatika. Lakini wengi hawafi kwa kukatika pumzi kwa namna hiyo. Wanakufa kabla, kwa sababu ile kinga ya koo inayomfanya mtu akohoe anapopaliwa imezimika. Anatapika akiwa chali, matapishi yanaingia kwenye njia ya hewa, na anakufa kimya, chumbani, pembeni ya wenzake wanaomsikia akikoroma na kusema "mwacheni alale, kesho atakuwa sawa". Wengine huuliwa na baridi, au na sukari kushuka kwenye damu maana ini limeshughulishwa. Na jueni kwamba kiwango kinaendelea kupanda baada ya mtu kuacha kunywa. Ile chupa aliyoimaliza dakika 10 kabla ya kulala bado iko njiani kutoka tumboni. Aliyekuwa anaongea alipolazwa anaweza kuwa mahututi baada ya nusu saa.

Kwa nini anaachwa? Katika jamii yetu sisi Waislamu kuna sababu ya ziada, na lazima tuitaje: aibu. Mwenzake wa chumba anajua kwamba huyu ni mtoto wa sheikh fulani, au ni muadhini wa msikiti wa chuo, au dada anayevaa hijabu. Akipelekwa hospitali, mlezi wa hosteli atajua, jumuiya itajua, wazazi watajua. Basi wanafunga mlango, wanasema wanamsitiri. Ni kweli, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kumsitiri Mwislamu, na ahadi yake ni kusitiriwa na Allah. Lakini sitara ni ya heshima ya mtu, na maiti hasitiriwi kwa mlango wa chumba. Kumficha kwa daktari si kumsitiri.

Wala tusijidanganye kwamba ujinga ni udhuru mwepesi. Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba katika safari mtu mmoja alipasuliwa kichwa na jiwe, kisha akapatwa na janaba, akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alisema maneno mazito, kwamba wao ndio waliomuua, na kwamba asiyejua dawa yake ni kuuliza. Watu wale walikuwa wema, walitaka kushika dini. Jiulize maneno hayo yatawafaa vipi wanaosema "mwacheni alale" bila kuwa na elimu yoyote.

Basi ukimkuta mwenzako amezimika, fanya hivi. Mwite kwa jina, mtikise, mfinye. Asipoitika, hesabu pumzi zake. Zikiwa chini ya 8 kwa dakika, au zikikaa sekunde 10 bila kuja, au midomo, fizi na kucha zimebadilika kuwa za kijivu au kibuluu (kwa ngozi zetu usitafute rangi usoni), au mwili ni baridi, au anatapika akiwa usingizini, au amepata degedege, huyo ni wa hospitali sasa hivi. Dalili moja inatosha, usingoje ya pili. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe mbele ili asigeuke, kichwa kielekee chini kidogo ili kinachotoka mdomoni kitoke nje. Usimwache peke yake hata kwa kwenda kuita bodaboda. Tuma mtu, na itafutwe gari, maana mtu aliyezimika hapakiwi kwenye pikipiki. Usimlazimishe kutapika, usimpe chakula, usimmwagie maji ya baridi. Mkifika, mwambieni daktari ukweli wote: alikunywa nini, kiasi gani, tangu saa ngapi, na kama alichanganya na dawa yoyote.

Kama alikunywa kitu cha kienyeji kisichojulikana kilikopikwa, litajeni hilo hasa. Mwaka 2010 huko Kabale watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Hiyo ni pombe ya viwandani, ladha yake haitofautiani sana na ile nyingine, na mwili huigeuza kuwa asidi inayoua mshipa wa jicho. Dalili zake huweza kuchelewa hadi siku nzima: kuona ukungu, tumbo kuuma, kuhema mbiombio. Aliyeamka vizuri asubuhi kisha jioni akasema haoni sawasawa hana uchovu, ana sumu. Dawa yake ipo, lakini ina saa zake.

Na kama aliyezimika ni dada na aliyepo ni kaka, au kinyume chake? Mwinueni. Dharura inahalalisha kile ambacho wakati wa kawaida hakihalaliki, kwa kiasi chake. Allah ametufundisha katika Surat al-Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote, na hakuweka sharti kwamba nafsi hiyo iwe imetoka msikitini.

Hapa nawaelekea hasa viongozi wa jumuiya yetu. Bukhari amepokea kisa cha Sahaba aliyeitwa Abdullah, aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.). Alikuwa na udhaifu wa pombe, akiletwa na kuadhibiwa, kisha akiletwa tena. Siku moja mtu akamlaani kwa kuletwa kwake mara nyingi. Mtume (S.A.W.) akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Adhabu ilikuwepo, haramu ilibaki haramu, wala hakuna aliyeambiwa ni jambo dogo. Lakini hakutolewa katika jamaa. Sisi tukisikia kijana wetu ameonekana baa, jambo la kwanza ni kumtoa kwenye kundi la WhatsApp. Tunamkata na watu pekee ambao usiku wa hatari wangeweza kumlaza ubavu. Nasema bila kuficha kwamba hilo ni kosa letu, na lirekebishwe muhula huu: kila msikiti wa hosteli uwe na watu wawili, kaka na dada, ambao namba zao zinajulikana, wanaoweza kupigiwa saa 9 usiku bila kuuliza swali lolote isipokuwa "mko wapi?"

Akiamka, akapata fahamu, akajua anayoyasema, msimuanzie mawaidha. Mpeni maji, aoge, abadili nguo. Kisha mwambieni alipe swala zilizompita, ya Isha na ya Alfajiri. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa imepokewa kuwa swala ya mnywaji haikubaliwi siku 40, basi haina maana kuswali, wakaongeza kuacha swala juu ya kunywa. Wanazuoni wameeleza kwamba kinachopotea ni thawabu. Wajibu haujaondoka, na akiswali ameutekeleza. Na hadithi hiyohiyo inasema akitubu Allah humkubalia toba yake. Mmoja wenu asimame imamu, yeye asimame kuliani kwake, waswali.

Wabillahi tawfiq.